Waendorois na Ziwa Bogoria: Ushirikiano wa jamii unavyotia nguvu utalii wa Bonde la Ufa

ZIWA Bogoria liko katika Kaunti ya Baringo, kaskazini kidogo mwa mstari wa Ikweta. Msafiri atokaye Nakuru hupitia Mogotio na kuteremka katika nchi ya joto na vichaka vya miiba, hadi afikapo mahali ambapo mvuke huonekana ukifuka kando ya maji. Pana chemchemi nyingi za maji moto hapo, na baadhi yazo huyarusha maji hayo angani kwa kishindo. Maji ya ziwa ni ya magadi makali yasiyoweza kukaliwa na samaki. Hata hivyo, hustawisha mwani unaoliwa na ndege aina ya heroe, ambao katika misimu mizuri huonekana kwa mamia ya maelfu, wakiwa wameitandaza rangi yao ya waridi ufuoni.

Mtalii hulipa ada langoni, hupiga picha zake, pengine huchemsha yai katika chemchemi kama ilivyo desturi ya wageni wengi, kisha huenda zake. Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali ambalo limewasumbua wakazi wa Bogoria tangu mwaka 1973 ni moja: mwenyeji ni nani, na amepona kwa kiasi gani?

Jibu la swali hilo limetafutwa kwa miongo kadhaa na shirika dogo la jamii lisilolenga faida, Baraza la Ustawi wa Waendorois, ambalo lilianza kama kamati ya wanajamii. Baraza hilo halikujenga hoteli wala kununua magari ya kubebea watalii. Mtaji wake mkubwa umekuwa ushirikiano: na wazee wa jamii yenyewe, na wanasheria, na wahifadhi wa mazingira, na hatimaye na serikali ile ile iliyokuwa ikishtakiwa. Historia yake inaonyesha jinsi utamaduni unavyoweza kuinua utalii wa mashinani. Inaonyesha pia kwamba ushirikiano usioandikwa kwenye hati inayotambuliwa na sheria hauna uhai mrefu.

Ziwa lenye wenyewe

Waendorois ni wafugaji na warina asali. Kwa vizazi vingi walikuwa wakichunga ng'ombe na mbuzi katika nyanda zinazolizunguka ziwa wakati wa mvua, na kupanda katika Msitu wa Mochongoi wakati wa kiangazi. Kando ya ziwa mifugo yao ilipata malambo ya chumvi, na wao wenyewe walipata dawa za miti shamba.

Zaidi ya malisho, ziwa hilo ni mahali patakatifu. Waendorois huamini kuwa roho za watu wao waliofariki, popote pale walipozikwa, huendelea kuishi ziwani. Ibada za kila mwaka, matambiko ya uponyaji na sherehe za tohara zilifanywa katika maeneo maalumu ufuoni. Mochongoi nao huhesabiwa kuwa chimbuko la jamii, mahali walipoishi Waendorois wa kwanza.

Wazungu walipofika walilipa ziwa jina la Hannington, kwa heshima ya Askofu James Hannington wa Kanisa la Kianglikana, aliyepita huko mwaka 1885 akielekea Uganda na kuuawa Busoga mwaka uo huo. Jina hilo lilidumu hadi baada ya uhuru. Mnamo 1973 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyamapori kwa jina hilo hilo la Hannington. Mwaka uliofuata tangazo lilitolewa upya, na jina la Bogoria likarejeshwa. Jina lilirudi, lakini wenyewe walitakiwa kuondoka.

Ahadi za mwaka 1973

Kwa mujibu wa maelezo ambayo jamii iliyawasilisha baadaye mbele ya vyombo vya sheria, familia zipatazo 400 ziliarifiwa kwamba zingehamishwa, na kwamba zingefidiwa. Ziliahidiwa mashamba yenye rutuba, asilimia 25 ya mapato ya utalii wa hifadhi, asilimia 85 ya ajira zitakazotokana nayo, pamoja na majosho ya mifugo na mabwawa ya maji matamu.

Ahadi hizo hazikutimizwa. Mwaka 1986 familia 170 zilizokuwa zimehamishwa mwishoni mwa 1973 zililipwa kila moja takriban Sh3,150, pesa ambazo zilielezwa kuwa za kugharimia kuhama. Familia nyingine hazikupata kitu. Waliohamia nchi kame iliyo nje ya hifadhi walipoteza mifugo mingi. Kuingia kwao ziwani, kwa ibada au kwa malisho, kukawa jambo la kuombewa idhini.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza kuhusu ushirikiano wa jamii na utalii. Asilimia 25 ya mapato ingeweza kuwa mojawapo ya mipango bora kabisa ya kugawana faida ya wanyamapori nchini. Lakini ilikuwa ahadi ya mdomo iliyotolewa na maafisa kwa wazee, bila mkataba wala sheria ya kuilinda. Maafisa walibadilishwa, wazee wakafariki, na ahadi ikazikwa pamoja nao.

Kutoka Nakuru hadi Banjul

Baada ya mazungumzo ya miaka mingi kutozaa matunda, wawakilishi wa jamii walifika mbele ya Mahakama Kuu ya Nakuru wakiyashtaki mabaraza ya wilaya yaliyokuwa yakisimamia hifadhi. Mnamo Aprili 2002 mahakama iliitupilia mbali kesi hiyo.

Kamati ya jamii ilikuwa haina fedha, haina wanasheria wa kimataifa, na hata usajili wake ulikuwa umekataliwa. Kilichoiokoa ni washirika. Shirika la Kenya la kutetea haki za jamii ndogo, CEMIRIDE, lilisimama upande wake likisaidiwa na Minority Rights Group International lenye makao yake London. Shirika la WITNESS la Marekani lilisaidia kunasa kwa video ushahidi wa wazee, ili Tume iwaone na kuwasikia watu ambao wasingeweza kusafiri.

Mnamo Mei 2003 malalamiko yaliwasilishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia. Serikali ya Kenya ilijitetea kwa kudai, miongoni mwa mengine, kwamba Waendorois si jamii ya kipekee bali ni sehemu ya Watugen. Wazee nao walitoa ushahidi wa ibada zao, mipaka yao ya malisho na uhusiano wao na ziwa. Utamaduni ambao kwa mtalii ni burudani ya nusu saa uligeuka kuwa ushahidi wa umilikaji.

Uamuzi ulipitishwa Novemba 2009 na kutangazwa hadharani Februari 2010, baada ya kuidhinishwa na Umoja wa Afrika. Tume ilisema Kenya ilikuwa imekiuka haki za jamii hiyo za kuabudu, kumiliki mali, kufurahia utamaduni, kutumia rasilimali zake na kujiendeleza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha kimataifa kuamua kwamba haki ya maendeleo, iliyo katika kifungu cha 22 cha Mkataba wa Afrika, ilikuwa imevunjwa. Tume ilikataa pia hoja kwamba uhifadhi ulilazimu watu wafukuzwe, ikaeleza kuwa walezi wa jadi wa ardhi hiyo ndio wenye uwezo mkubwa zaidi wa kuitunza.

Mapendekezo yake yalikuwa wazi. Serikali itambue umiliki wa Waendorois na kuwarejeshea ardhi ya mababu zao. Iwaruhusu kulifikia ziwa kwa ibada na malisho bila vikwazo. Iwalipe fidia. Iwape gawio la mapato ya shughuli za kiuchumi zilizopo, na kuhakikisha wanapata ajira katika hifadhi. Mwisho, ilisajili shirika lao. Pendekezo hilo la mwisho huenda likaonekana dogo mbele ya mengine, lakini ndilo lililofungua mlango: bila shirika linalotambuliwa, hapakuwa na mtu wa kupokea fidia, kutia sahihi mkataba au kuketi mezani kwa niaba ya jamii.

Mwezi Machi mwaka huo maelfu ya Waendorois walikusanyika kando ya ziwa kusherehekea, na Waziri wa Ardhi wa wakati huo, James Orengo, akahudhuria.

Heshima iliyokuja bila wenyewe

Mwaka uliofuata ulileta habari nyingine kubwa. Mnamo Juni 2011, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliyaingiza maziwa matatu ya Bonde la Ufa katika orodha ya Turathi za Dunia: Bogoria, Nakuru na Elementaita. Eneo zima lina hekta 32,034, na kati ya hizo hekta 10,700 ni za Bogoria.

Kwa wafanyabiashara wa utalii, hiyo ilikuwa neema. Kwa Waendorois, ilikuwa kama kurudia ya 1973. Ombi la Kenya lilikuwa limeandaliwa bila ridhaa yao, ilhali uamuzi wa Banjul ulikuwa haujatimiza hata miaka miwili. Baraza lao lililalamika, na Novemba mwaka huo Tume ya Afrika ikapitisha azimio la kushutumu hatua hiyo.

Baraza lingeweza kubaki katika malalamiko. Badala yake liliingia kwenye mazungumzo, na mnamo Mei 26, 2014, mjini Kabarnet, makubaliano yalitiwa sahihi. Waliohusika ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), Tume ya Kitaifa ya Kenya ya UNESCO, Serikali ya Kaunti ya Baringo, na Baraza la Ustawi wa Waendorois. Makubaliano hayo yalilitambua baraza kuwa mwakilishi wa jamii, na kuitambua haki ya Waendorois ya kushiriki kikamilifu katika usimamizi wa ziwa kama eneo la turathi, kupitia taasisi walizozichagua wenyewe. Mwezi uliofuata Kamati ya Turathi za Dunia ilikutana Doha, Qatar, na hatua hiyo ikawa miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa.

Baraza hufanya nini

Wasomaji wengi hudhani kuwa shirika la utamaduni husaidia utalii kwa kuandaa ngoma na kuuza shanga. Kazi hiyo ipo, lakini ni sehemu ndogo. Kwa mfano wa Bogoria, mchango wa shirika la aina hii unaweza kuelezwa kwa mambo manne.

La kwanza ni uwakilishi. Mwekezaji, mtafiti au afisa wa serikali anayetaka kuzungumza na jamii huhitaji mahali pa kubisha hodi. Pasipo baraza, kila mzee huwa msemaji, na makubaliano yaliyofanywa na mmoja hukanushwa na mwingine.

La pili ni amani kati ya watu na hifadhi. Tandala wakubwa, ambao ni fahari ya Bogoria, hawajui mpaka. Wakitoka nje ya hifadhi hukutana na mifugo na mashamba. Mfugaji aliyefukuzwa na asiyepata chochote hana sababu ya kuwavumilia. Ndiyo maana hifadhi ndogo za jamii zilizochipuka pembezoni mwa ziwa, kama Kiborgoch iliyo upande wa Loboi penye kinamasi, zina thamani kubwa kwa utalii. Humpa mgeni mahali pa pili pa kutembelea, na humpa mwenyeji sababu ya kulinda wanyama. Mashirika ya uhifadhi, likiwemo WWF ambalo lilifanya kazi na wakazi na mabaraza ya wilaya za Baringo na Koibatek kuhusu matumizi ya maji na kinamasi, yalisaidia kuandaa mpango wa pamoja wa usimamizi wa Bogoria wa miaka ya 2007 hadi 2012.

La tatu ni kulinda kilicho kitakatifu. Si kila mahali panapopendeza kamera panafaa kukanyagwa na wageni. Wazee ndio wanaojua ni wapi pa kuonyesha na ni wapi pa kufunika. Pwani ya Kenya ina mfano mzuri. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2008. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, wageni huingia wakiongozwa na wenyeji, wamejifunga kaniki nyeusi, na hawaruhusiwi kutoka na chochote. Masharti hayo hayajawafukuza watalii, ndiyo yanayowavutia.

La nne ni kulinda maarifa. Vijidudu vinavyoishi katika maji moto ya Bogoria vina vimeng'enya visivyoharibiwa na joto wala magadi, na kwa hivyo huhitajika viwandani, hasa katika sabuni na nguo. Mwaka 1992 sampuli zilichukuliwa na watafiti kutoka Uingereza, na baadaye vimeng'enya vyake vikaingia katika biashara ya kimataifa. Ilipofika 2004, KWS ilikuwa ikidai Kenya ipewe haki yake. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia sahihi mkataba wa utafiti na kampuni ya Novozymes ya Denmark. Waendorois wenyewe walitoa mwaka 2019 itifaki yao inayoeleza utaratibu ambao mgeni yeyote anayetaka kutumia rasilimali au maarifa yao anapaswa kuufuata. Mgeni huyo ni mtafiti mwenye chupa, si mtalii mwenye kamera, lakini kanuni ni ile ile: hodi kwanza.

Pesa za langoni huenda wapi

Hapa ndipo mambo hukwama mara nyingi, na ni vyema utaratibu ueleweke. Kuna tofauti kati ya mbuga ya kitaifa na hifadhi ya kitaifa. Mbuga ya kitaifa, kama ile ya Ziwa Nakuru, husimamiwa na KWS, na mapato yake huenda kwa shirika hilo. Hifadhi ya kitaifa, kama Bogoria, husimamiwa na serikali ya kaunti, ambayo mwaka 2013 ilirithi kazi hiyo kutoka kwa mabaraza ya wilaya.

Chini ya kifungu cha 207 cha Katiba ya 2010, mapato ya kaunti huwekwa katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, na hayawezi kutolewa humo bila idhini ya sheria. Maana yake ni kwamba hata gavana aliye rafiki mkubwa wa jamii hawezi kuchota fungu la ada za langoni na kulikabidhi baraza kwa nia njema tu. Pawepo sheria au bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti. Shirika la utamaduni linalotaka mgao wa kudumu lazima lijue njia ya kwenda kwenye kamati za bunge hilo, kama linavyoijua njia ya kwenda mahali pa tambiko.

Katiba hiyo hiyo imelipa shirika kama hilo silaha nyingine. Kifungu cha 11 kinaitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha kuwa jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni na turathi zao. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ilipitishwa mwaka 2016, mwaka ule ule ilipopitishwa Sheria ya Ardhi ya Jamii. Kwa hivyo hoteli inayotumia ngoma, hadithi au michoro ya jamii kujitangaza haiombwi hisani pale inapotakiwa kulipa.

Maziwa matatu, wenyeji watatu

Orodha ya Turathi za Dunia inayahesabu maziwa hayo kuwa kitu kimoja, na kwa heroe ni kitu kimoja kweli, kwa sababu ndege hao huhama kutoka ziwa moja hadi jingine wakifuata chakula. Lakini ardhini hali ni tofauti.

Nakuru ni mbuga iliyozungushiwa ua, ikipakana na mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021. Elementaita ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyamapori mwaka 2010, na sehemu kubwa ya ardhi inayoizunguka ni ya Soysambu, iliyokuwa milki ya ukoo wa Delamere na ambayo tangu 2007 inaendeshwa kama eneo la uhifadhi. Bogoria pekee ndiyo yenye jamii iliyofukuzwa, ikashtaki na kushinda.

Tofauti hizo huamua ushirikiano utafanywa na nani. Jijini Nakuru, kwa mfano, mshirika wa lazima ni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Taasisi hiyo ndiyo inayosimamia Hyrax Hill, kilima kilicho pembezoni mwa jiji ambapo Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 na kufukua makazi na makaburi ya watu wa kale. Pana jiwe lililochongwa mashimo ya bao, ushahidi kwamba mchezo huo una wenyeji wake katika Bonde la Ufa pia. Kilima hicho hupitwa na magari mengi ya watalii yanayokimbilia ziwani. Wanafunzi, waelekezi vijana na vikundi vya ngoma vya Nakuru ndio wanaoweza kuyasimamisha.

Maji ya Mau na asali ya Waogiek

Ziwa Nakuru lenyewe haliishi kwa ua wake. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inayolilisha hutoka katika Msitu wa Mau, makao ya Waogiek. Huko nako shirika la jamii limefuata njia iliyopitiwa na Waendorois.

Mnamo Oktoba 2009 serikali iliwapa wakazi wa msitu huo notisi ya siku 30 waondoke. Mpango wa Maendeleo wa Waogiek, OPDP, shirika lisilolenga faida lenye makao Nakuru, liliungana na CEMIRIDE na Minority Rights Group, washirika wale wale wa Bogoria, kupeleka malalamiko kwa Tume. Tume iliwasilisha kesi hiyo katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha. Mnamo Mei 26, 2017, mahakama iliamua kwamba haki za Waogiek zilikuwa zimekiukwa, na kwamba serikali haikuthibitisha kuwa wao ndio walioharibu msitu. Juni 23, 2022, iliamuru walipwe Sh157,850,000 na warejeshewe ardhi ya mababu zao kwa hatimiliki ya pamoja.

Waogiek ni mabingwa wa mizinga ya magogo inayotundikwa mitini, na asali yao imetambuliwa na shirika la kimataifa la Slow Food miongoni mwa vyakula vya jadi vinavyostahili kulindwa. Mgeni anayefika Mariashoni kuonja asali hiyo huonja pia msitu ulioitoa. Lakini mrina asali asiye na uhakika wa kuwepo msituni mwaka ujao hawezi kualika wageni. Novemba 2023, mwaka mmoja na ushei baada ya amri ya Arusha, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani, upande wa Narok.

Ziwa linapopanda

Kuna jaribio jingine ambalo halikuletwa na mahakama wala serikali. Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na mwaka 2020 hali ilikuwa mbaya zaidi. Huko Bogoria, lango la zamani la Loboi na sehemu za barabara ya kandokando ya ziwa zilimezwa, pamoja na baadhi ya chemchemi zilizokuwa kivutio kikuu. Nakuru nako lango kuu la mbuga lilifunikwa na maji.

Katika Ziwa Baringo, kisiwa walimokuwa wamewekwa twiga mwaka 2011 na hifadhi ya jamii ya Ruko kilianza kumezwa. Ruko ni tunda la upatanisho wa Wailchamus na Wapokot, jamii zilizokuwa zikipigania mifugo na malisho. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga tisa walivushwa hadi bara mmoja mmoja, au mama na mtoto wake, kwa chelezo iliyoundwa kwa ajili yao. Wenyeji walisaidiana na KWS na mashirika ya uhifadhi. Kazi hiyo isingewezekana laiti vijana wa jamii hizo mbili wangekuwa bado wanaviziana.

Mafuriko hayo yameongeza uzito wa hati. Ziwa linapopanuka, mpaka wa hifadhi husogea kuelekea mashamba na malisho ya watu. Jamii isiyo na hatimiliki haiwezi kusema ni ardhi gani imepotea, wala nani afidiwe.

Kilichobaki

Mnamo Septemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliunda kikosi cha kushughulikia uamuzi wa Banjul. Kililaumiwa kwa kutokuwa na mwakilishi wa Waendorois, na muda wake wa mwaka mmoja ulikwisha bila hatimiliki ya ardhi kukabidhiwa jamii. Miongoni mwa mapendekezo ya Tume, yaliyotekelezwa kwa haraka ni yale mepesi: shirika linatambuliwa, wawakilishi wake huketi mezani, na ibada hufanyika ziwani. Ardhi na fidia, ambayo ndiyo mapendekezo mazito, ndiyo yaliyosalia.

Baraza lenyewe nalo lina mitihani yake, kama ilivyo kwa mashirika yote ya aina hii. Pesa zikianza kuingia, jamii hutaka kuona hesabu. Wanawake na vijana, ambao ndio wanaosuka, kuimba na kuongoza watalii, huuliza mbona maamuzi ni ya wazee wa kiume. Shirika linaloidai serikali uwazi haliwezi kuunyima umma wake uwazi huo huo.

Kwa vikundi vingine vya Bonde la Ufa vinavyotaka kuinua utalii wa mashinani, mpangilio wa mambo huko Bogoria ni wa kuzingatiwa. Waendorois walijiunda kwanza, wakatafuta washirika, wakaithibitisha haki yao, kisha wakatia sahihi na waliokuwa wapinzani wao. Mipango mingi ya utalii wa kitamaduni huanza mwishoni, kwa banda la ngoma na bango la barabarani, na mfadhili akiondoka banda hubomoka. Mwenyeji hawezi kumkaribisha mgeni katika nyumba ambayo hajui kama ni yake.